Istilahi za Michoro ya Kompyuta katika Darasa la Sanaa na Sayansi

1. UTANGULIZI

Kazi ya kuunda istilahi kwa kawaida hugawanywa kwa kufuata masomo. Kamati moja huchambua maneno ya sheria, nyingine ya kilimo, nyingine ya tiba. Na kila moja huwaita wataalamu wa fani yake peke yao. Utaratibu huu una manufaa yake, na matunda yake twayaona, mathalani, katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Hata hivyo, yapo masomo yasiyokubali kufungiwa katika chumba kimoja. Mojawapo ni somo la michoro ya kompyuta, ambalo nusu yake ni sanaa na nusu yake ni sayansi, na ambalo mwanafunzi hawezi kulijua kwa kusoma nusu moja tu.

Tusemapo michoro ya kompyuta tuna maana ya elimu ya kutengeneza picha kwa njia ya hesabu zinazofanywa na kompyuta. Elimu hii hutumika katika filamu za katuni, katika ramani, katika plani za majengo, katika picha za ndani ya mwili zinazosomwa na madaktari, na katika vielelezo vya takwimu vinavyochapishwa katika taarifa za serikali. Kwa hiyo mfasiri wa mitaala, mwalimu wa shule na ofisa wa idara ya takwimu wote hukutana nayo, kila mmoja kwa mlango wake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi somo hili lilivyoanza kufundishwa kwa kuwakutanisha watu wa sanaa na wa sayansi, kisha kuchambua maneno machache ambayo ni magumu kuyafasiri kwa sababu pande hizo mbili zinayatumia kwa maana tofauti. Hoja yetu ni kwamba istilahi ya somo hili haijakamilika mpaka mchoraji na mwanahisabati waweze kuitumia katika darasa moja bila mmoja wao kupotoshwa. Mapendekezo yaliyomo humu si maamuzi. Yametolewa ili yachunguzwe na wasomaji.

2. SOMO LILIVYOANZA

Jina la Kiingereza la somo hili lilianza kutumika katika kampuni ya ndege ya Boeing nchini Marekani mnamo mwaka 1960, na mara nyingi hunasibishwa na William Fetter, aliyekuwa msanifu wa michoro katika kampuni hiyo. Yafaa kukumbuka, basi, kwamba jina lenyewe lilienezwa na mtu wa sanaa aliyefanya kazi miongoni mwa wahandisi.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi katika Massachusetts Institute of Technology, alikamilisha programu aliyoiita Sketchpad. Kwa kutumia kalamu ya mwanga mtu aliweza kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta, kisha akaiamuru mashine iifanye mistari miwili iwe sambamba au iwe na urefu sawa. Humo tayari mlikuwa na kazi mbili zilizoshirikiana: mkono uliochora, na kanuni iliyousahihisha mkono.

Mwaka 1968 Sutherland alijiunga na David Evans katika University of Utah, na katika miaka michache iliyofuata wanafunzi wa huko waliweka misingi mingi ya somo hili. Kazi zao zilikuwa za hesabu, lakini vifaa vyake vilitoka nyumbani. Henri Gouraud, ili apate umbo la uso wa mtu, alichora mistari juu ya uso wa mkewe na kuupima. Martin Newell, mwaka 1975, alilichukua buli la chai la nyumbani kwake, akalichora kwa penseli kwenye karatasi ya grafu, kisha akaigeuza michoro yake kuwa tarakimu. Buli hilo limetumika tangu wakati huo katika maelfu ya majaribio, na lile la kauri lenyewe limehifadhiwa katika Computer History Museum huko California. Mfasiri na aangalie kwamba ni buli, si birika: Kiswahili kimekwisha kutenganisha chombo cha kuandalia chai na chombo cha kuchemshia maji, na hapana sababu ya kuupoteza utengano huo.

Upande wa pili, katika Ohio State University, alikuwapo Charles Csuri, mchoraji na mwalimu wa sanaa. Mwaka 1967 alitengeneza filamu fupi iitwayo Hummingbird, ambamo mchoro wa ndege mdogo huvunjika na kujiunga upya kwa nguvu za hesabu. Mwaka 1971 alianzisha kikundi cha utafiti wa michoro ya kompyuta, na mwaka 1987 kazi hiyo ikawa kituo kamili cha kompyuta kwa ajili ya sanaa na usanifu. Katika miaka hiyo ya 1980, katika University of Illinois, msanii Donna Cox alifanya kazi pamoja na mwanahisabati George Francis na mtaalamu wa programu Ray Idaszak kuyaonyesha maumbo ya kihesabu ambayo hakuna jicho lililopata kuyaona. Cox alisisitiza kwamba msanii asiitwe mwishoni kuja kupamba kazi iliyokwisha, bali awemo tangu swali linapoulizwa.

Katika visa vyote hivi watu wa pande mbili walilazimika kusemezana kila siku. Huko kusemezana ndiko kunakohitaji istilahi, na ndiko kunakodhihirisha istilahi mbovu.

3. JINA LA SOMO

Kuhusu jina la mashine yenyewe hatutakawia. Maneno kompyuta, tarakilishi na ngamizi yamekwisha kujadiliwa sana. Tarakilishi limepata nafasi katika shule za Kenya, nalo kompyuta ndilo linalotamalaki katika matumizi ya jumla. Humu tumelifuata la pili.

Neno michoro lahitaji maelezo zaidi. Wapo wanaoona kwamba halifai kwa sababu linaleta fikra ya mistari ya penseli tu, ilhali kompyuta hutoa picha zenye rangi na mwanga mithili ya picha za kamera. Twaona kwamba pingamizi hili halina uzito mkubwa. Kitenzi kuchora katika Kiswahili hakikuwahi kuwa cha penseli peke yake: mchoraji wa nakshi za milango ya Unguja na Lamu huchora kwa patasi, na mwili pia huchorwa. Katika lugha ya Kigiriki, lilikotoka neno la Kiingereza, maana ya asili ilikuwa hiyo hiyo ya kukwaruza na kutia alama. Neno michoro ni pana kuliko linavyodhaniwa, na tunashauri lihifadhiwe. Neno picha na libaki kuwa jina la kile kinachoonekana mwisho wa kazi.

4. UVULI NA KIVULI

Tunafika sasa kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote katika somo hili.

Chukua yai jeupe, uliweke juu ya meza karibu na dirisha wakati wa asubuhi. Upande wa yai unaoelekea dirisha unang'aa. Upande wa pili una weusi unaoongezeka kidogo kidogo. Aidha, juu ya meza, nyuma ya yai, pana doa jeusi lenye umbo la yai lililorefuka. Mambo haya ni mawili. Weusi wa kwanza umo katika yai lenyewe, kwa sababu uso wake unageuka na kuupa mwanga kisogo. Weusi wa pili umo mezani, kwa sababu yai limeuzuia mwanga usifike hapo. Katika lugha ya kila siku yote mawili twayaita kivuli, na mwalimu wa sanaa amwambiapo mwanafunzi atie kivuli, huenda akawa anakusudia lolote kati ya hayo.

Kwa mchoraji jambo hili halileti hasara kubwa, maana analiona yai na kuchora alionalo. Kwa kompyuta hasara ni kubwa, kwa sababu kompyuta hailioni yai. Weusi wa kwanza hupatikana kwa hesabu fupi. Kwa kanuni iliyoelezwa na Johann Heinrich Lambert mwaka 1760, mwangaza wa uso usiong'aa hutegemea kosini ya pembe iliyopo kati ya uelekeo wa uso na uelekeo wa mwanga. Uso unaoukabili mwanga moja kwa moja hupata mwanga kamili. Ulioinama digrii 60 hupata nusu yake. Ulioinama digrii 90 haupati kitu. Kuijua hesabu hii hakuhitaji kujua kama kuna kitu kingine chochote duniani. Weusi wa pili, kinyume chake, hauwezi kupatikana mpaka kompyuta iulize, kwa kila mahali pa meza: je, kati ya hapa na taa kuna kitu kilichosimama?

Kwa sababu hiyo historia ya mambo haya mawili ni tofauti. Gouraud mwaka 1971 alionyesha namna ya kuhesabu mwangaza kwenye kona za umbo, kisha kuusambaza taratibu katikati ya kona hizo ili uso uonekane laini. Bui Tuong Phong, katika tasnifu yake ya mwaka 1973, alisambaza uelekeo wa uso badala ya mwangaza, akahesabu mwangaza kwa kila mahali, akaongeza na mng'ao uonekanao juu ya vitu vilaini. Wote wawili walishughulikia weusi wa kwanza tu. Weusi wa pili una njia zake nyingine, zikiwemo zile za kazi ya Frank Crow ya mwaka 1977 na ile ya Lance Williams ya mwaka 1978. Mfasiri akiandika kwamba Gouraud alivumbua njia ya kutia vivuli, mwanafunzi wa sayansi ataandika programu, ataliona buli lake likielea hewani bila doa lolote chini yake, naye atadhani amekosea hesabu. Hakukosea, aliyekosea ni mfasiri.

Zaidi ya hayo, kivuli ni neno lililokwisha kubebeshwa mizigo mingi. Tuna kivuli cha mti cha kupumzikia, kivuli cha mtu ukutani, nakala kivuli ofisini na waziri kivuli bungeni.

Bahati njema Kiswahili kina neno la pili, uvuli, lenye maana ya hali ya mahali pasipopigwa na jua. Tunapendekeza uvuli uwe istilahi ya weusi ulio katika kitu chenyewe kwa sababu ya kugeuka kwa uso wake, na kivuli kiwe istilahi ya umbo linaloangushwa na kitu hicho juu ya kitu kingine. Mgawanyo huu unaafikiana na sarufi yetu. Kiambishi u- hutaja hali, na ki- hutaja kitu chenye mipaka. Taa mbili zikiwashwa hutoa vivuli viwili, navyo huweza kuhesabiwa. Lakini uvuli wa yai hauhesabiwi, hupimwa. Mwalimu wa sanaa ataweza kusema, "Uvuli wako umepauka, na kivuli chako kimeelekea pasipo". Na mwanafunzi wa hisabati aliyeketi karibu atajua kwamba hizo ni hesabu mbili.

5. RANGI YA KUPAKA NA RANGI YA MWANGA

Neno rangi nalo lina maana mbili. Rangi ni kile kitu kilichomo mkebeni, ambacho mpaka rangi hununua dukani. Na rangi ni ile sifa ya kitu inayoonekana kwa macho. Katika maisha ya kawaida hakuna anayechanganyikiwa. Katika darasa letu, hata hivyo, mchoraji na mwanafizikia watabishana kwa saa nzima, na wote watakuwa wanasema kweli.

Mchoraji akichanganya rangi nyekundu na ya kijani katika kibao chake hupata rangi ya matope, kwa kuwa kila rangi ya kupaka hufyonza sehemu ya mwanga, na mbili kwa pamoja hufyonza zaidi. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, hakiufyonzi. Hapo nyekundu na kijani zikichanganywa huleta manjano. Katika mpango wa kawaida kila moja ya rangi tatu za msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, hupewa kipimo kuanzia 0 mpaka 255. Manjano kamili huandikwa 255, 255, 0. Vipimo hivyo vikikutana hutoa rangi 16,777,216, idadi ambayo hakuna lugha yenye majina yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, popote penye uchanganyaji, mwandishi asiliache neno rangi likiwa peke yake. Aseme rangi ya kupaka au rangi ya mwanga. Maneno ni marefu kidogo, lakini yanaondoa ubishi kabla haujaanza.

6. MWONO WA UMBALI

Wachoraji wa Italia katika karne ya 15 walijifunza kuonyesha umbali juu ya ubao bapa, na Leon Battista Alberti aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1435. Alimtaka mchoraji aifikirie picha yake kuwa dirisha. Kanuni ile ile ndiyo inayotumiwa na kompyuta leo. Tuseme dirisha liko mita 1 mbele ya jicho, na nje kuna nguzo mbili zenye urefu wa mita 3 kila moja. Ya kwanza iko mita 6 kutoka kwenye jicho, ya pili mita 12. Juu ya dirisha ya kwanza itachukua sentimita 50, na ya pili sentimita 25. Mchoraji husema, "Kilicho mbali huwa kidogo." Mwanahisabati husema, "Gawa urefu kwa umbali." Ni kauli moja.

Ugumu uko katika kuipa kanuni hii jina, maana karibu kila neno lililo tayari limekwisha kuchukuliwa. Mtazamo limekuwa neno la maoni. Mtazamo wa kina ni maneno ya magazeti yenye maana ya uchambuzi wa makini. Kuona mbali ni busara ya mtu. Masafa yameshikwa na watu wa redio. Tumeona kwamba mwono wa umbali ndiyo istilahi iliyo na mgongano mdogo zaidi, na ina faida ya kulitaja lile jambo linalogawanya, yaani umbali. Wasomaji wenye neno bora wanaombwa walilete.

7. VAZI LA PICHA

Katika masomo ya sanaa neno la Kiingereza 'texture' lina maana ya hali ya uso wa kitu uguswapo au uonekanapo kama unaguswa: ukwaru wa gunia, ulaini wa kauri. Katika michoro ya kompyuta, tangu kazi ya Edwin Catmull ya mwaka 1974, neno hilo hutumika pia kwa picha bapa inayozungushiwa umbo. Picha ya mbao ikizungushiwa mche huufanya uonekane kama gogo, ingawa uso wa mche haukubadilika hata kidogo. Mwaka 1978 James Blinn alionyesha namna ya kuufanya uso kama huo uonekane una matuta, kwa kuchezea uelekeo wa uso katika hesabu ya uvuli. Hapo neno la Kiingereza lilikuwa limebeba mambo mawili, na wanafunzi wa Kiingereza wenyewe hupata taabu kuyatenganisha.

Sisi hatulazimiki kuirithi taabu hiyo. Kwa maana ya kisanaa tunapendekeza mguso wa uso. Kwa maana ya kompyuta tunapendekeza vazi la picha, na kitendo chake kiwe kuvika. Sababu yetu ni kwamba wanafunzi wetu wanao mfano kamili wa jambo hili nyumbani. Kanga ni picha bapa yenye sehemu zake: mji katikati, pindo pande zote, na jina lililoandikwa. Ikitandazwa kitandani kila ua lina mahali pake panapoweza kupimwa kutoka kwenye ukingo. Ikivaliwa, maua yale yale hupinda pamoja na mwili, mengine hufichika nyuma, na maandishi hukunjika. Swali la mwanahisabati ni hili: ni mahali gani pa kanga palipoangukia mahali gani pa mwili? Swali la msanii ni hili: nilichoreje pambo hili bapa ili likivaliwa lipendeze? Mwalimu akianza na kanga, maswali yote mawili yataeleweka kabla ya kompyuta kuwashwa.

8. KUKOPA NA KUFUFUA: PIKSELI NA UFITO

Si kila neno linafaa kutafutiwa asili ya Kiswahili. Sehemu ndogo kabisa ya picha ya kompyuta ilipewa jina lake katika maandishi ya Frederic Billingsley mwaka 1965, kwa kufupisha maneno yenye maana ya kipande cha picha. Wapo ambao wangependa kuiita nukta, na wapo ambao wangependa kuiita kigae. Nukta haifai, kwa sababu katika jiometria nukta haina upana wala rangi. Kigae kingempendeza mchoraji, anayeona vimraba akikuza picha. Lakini mtaalamu Alvy Ray Smith aliandika mwaka 1995 kwamba kipande hicho si mraba mdogo. Ni kipimo kimoja cha mwanga kilichochukuliwa mahali pamoja. Tukisema kigae tutakuwa tumelikata shauri la wataalamu kwa neno. Ni afadhali kukopa pikseli, neno lisilodai lolote juu ya umbo la kitu.

Kinyume chake, lipo neno ambalo kulikopa kungekuwa hasara. Mafundi wa meli wa Ulaya, walipotaka kuchora mpindo laini wa ubavu wa meli, walipinda vipande vyembamba vya mbao na kuvishikilia mahali kwa vizito. Mbao hizo, zikiachwa zitulie, hujichagulia mpindo usio na mvunjiko. Mwaka 1946 mwanahisabati I. J. Schoenberg alilitumia jina la vipande hivyo kwa mipindo yake ya kihesabu, na baadaye wahandisi wa magari nchini Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, walitengeneza mbinu za jamaa hiyo kwa kuchora mabati ya magari. Kwa mbinu ya Bézier ndivyo buli la Newell lilivyochorwa.

Kiswahili kina ufito. Kila aliyewahi kuona nyumba ya miti ikijengwa anajua kwamba ufito ni mwembamba, hupinda bila kuvunjika, na hushikwa mahali kwa kamba. Tunapendekeza ufito uwe istilahi ya mpindo wa kihesabu unaopitishwa kwa kufuata sehemu zilizowekwa. Mwanafunzi wa sanaa atauona kwa mkono wake. Mwanafunzi wa hisabati atapata taswira ya nguvu zinazouweka mahali.

9. KUUNDA NA KUSAWIRI

Kazi nzima ya michoro ya kompyuta ina hatua mbili kubwa. Katika ya kwanza, umbo huelezwa: kona zake, nyuso zake na vipimo vyake. Katika ya pili, kompyuta hulichukua elezo hilo pamoja na mwanga na mahali pa jicho, ikatoa picha. Hatua ya kwanza tunapendekeza iitwe kuunda umbo, neno lile lile la fundi wa jahazi, ambaye chombo chake huwa na mbavu kabla ya kuwa na sura. Hatua ya pili, inayoitwa kwa Kiingereza 'rendering', ina matatizo kwao pia, maana neno hilo hutumika vilevile kwa kupiga lipu ukuta na kwa kufasiri maandishi. Sisi tunapendekeza kusawiri. Walimu wa fasihi watasema kwamba neno hili ni lao, kwani wao husema usawiri wa wahusika. Hilo halileti madhara. Mwandishi wa riwaya huchukua elezo, akamfanya mhusika aonekane. Kompyuta nayo huchukua elezo, ikalifanya umbo lionekane. Maana ni moja, nyanja ndizo mbili.

10. MAPENDEKEZO NA HITIMISHO

Wapo watakaouliza faida ya juhudi hizi, ilhali Kiingereza ndicho kinachotumika kwa sehemu kubwa katika shule za sekondari na vyuo vyetu. Jibu letu ni kwamba mwanafunzi anayesikia neno moja la kigeni kwa mambo mawili tofauti hana njia ya kujua kwamba ni mambo mawili, mpaka mwalimu amweleze. Na mwalimu humweleza kwa lugha wanayoielewa wote. Mwalimu huyo akikosa maneno, maelezo yake yatakuwa ya kukisia. Aidha, mwenye kipaji cha kuchora ataambiwa kwamba somo si lake kwa sababu ya hesabu, na mwenye hesabu ataambiwa kwamba si lake kwa sababu hana mkono wa kuchora. Kwa njia hiyo tutawapoteza wote wawili.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati yoyote itakayoshughulikia istilahi za michoro ya kompyuta iwe na mchoraji na mwanahisabati wanaoketi meza moja, badala ya kila mmoja kuandaa orodha yake na kuileta ikiwa imekamilika. Wajenga nyumba moja hawagombei fito. Pili, kila istilahi ijaribiwe kwa kitendo: mchoraji aelekezwe kwa neno hilo afanye jambo kwa mkono, na mwanahisabati aelekezwe kwa neno hilo hilo aandike kanuni, wakitoa mambo mawili yasiyolingana, neno hilo lirudishwe kamatini. Tatu, wafasiri wa mitaala na wa vitabu wasitumie neno moja la Kiswahili kwa sababu tu Kiingereza kina neno moja, wala wasitafute mawili kwa sababu tu Kiingereza kina mawili.

Istilahi zilizopendekezwa katika makala haya ni hizi:

Kivuli: umbo jeusi linaloangushwa na kitu juu ya kitu kingine.
Kusawiri: kutoa picha kutokana na elezo la umbo, mwanga na mahali pa jicho.
Kuunda umbo: kueleza umbo kwa kona, nyuso na vipimo.
Kuvika: kuzungushia umbo picha bapa.
Mguso wa uso: hali ya uso wa kitu uguswapo au uonekanapo kama unaguswa.
Mng'ao: doa la mwanga juu ya uso laini.
Mwono wa umbali: kanuni ya kuonyesha umbali juu ya picha bapa.
Pikseli: kipimo kimoja cha mwanga au rangi katika picha ya kompyuta.
Rangi ya kupaka: rangi inayofyonza mwanga.
Rangi ya mwanga: rangi inayotolewa na kioo au taa.
Ufito: mpindo laini wa kihesabu unaofuata sehemu zilizowekwa.
Uvuli: weusi ulio katika uso wa kitu kwa sababu ya kuuepa mwanga.
Vazi la picha: picha bapa inayovikwa umbo.

Wasomaji, hasa walimu wa sanaa na wa hisabati, wanaombwa wazijaribu istilahi hizi darasani na kutuandikia zilizowafaa na zilizowakwamisha, wakieleza kitendo kilichowakwamisha, si neno peke yake.